Mlimau wa Bibi na Vijiko Vinne vya Sukari

Baba ndiye huamka kwanza nyumbani. Huwasha jiko, huteleka sufuria na kuonja chai kabla ya mtu yeyote. Kazi yake ni kupika chai kwenye karakana ya magari. Kikombe chake mwenyewe hukitia vijiko vinne vya sukari. Ndiyo maana mafundi humwita Vijiko Vinne.

Mama ni mshonaji. Cherehani yake iko dirishani. Nje, karibu na mlango, kuna ndoo kuukuu yenye mlimau. Bibi, mama yake Mama, aliupanda kwa mbegu moja mwaka ule aliofariki. Sasa unamfika Binti, mtoto wao, kiunoni. Katika vitu vyote alivyoacha Bibi, ni huo tu ambao bado unakua.

Mwezi huu majani ya mlimau yalianza kulegea.

"Umeishiwa nguvu," alisema Baba. "Mtu akizidiwa na uchovu, si hupewa maji ya sukari?"

Basi kila asubuhi akaumwagilia kikombe cha maji chenye vijiko vinne. Sisimizi wakapanga foleni ndooni. Majani yakazidi kulegea. Baba akaongeza vijiko, vikawa sita.

"Mume wangu," alisema Mama, "unataka tuchume malimau au peremende?"

Wote walicheka, lakini Mama aliacha kucheka kabla ya wengine. Akashika jani moja la manjano, likabaki mkononi mwake.

"Huu mti ukifa," alisema polepole, "nitakuwa nimemzika mama yangu mara mbili."

Binti alitoka mbio. Akarudi na jirani yao anayefanya kazi kwenye kitalu cha miche. Mtaa mzima humwita Mama Miche. Alichovya kidole kwenye udongo wa ndoo, kisha akakinusa.

"Udongo unanata. Nani anaunywesha sharubati?"

Baba alitazama juu, kana kwamba paa linavuja. "Ni mti wa mkwe wangu, jirani. Ningempa nini tena zaidi ya sukari?"

"Maji matupu, shemeji."

"Maji matupu hayashibishi!"

"Sibishani nawe. Tuiulize mimea yenyewe."

Mama Miche aliomba makopo matatu. Akayatoboa chini, akayajaza udongo wa aina moja na kupanda maharage matatu katika kila kopo. Mama alifunga kitambaa cheupe kwenye kopo la kwanza, cha manjano kwenye la pili na chekundu kwenye la tatu.

"Jeupe litapata maji matupu," alisema Mama Miche. "La manjano, maji yenye kijiko kimoja kwa kikombe. Jekundu, vijiko vinne, kama chai ya Baba. Yote yakae dirishani pamoja na yapate maji kiasi kilekile. Tofauti iwe sukari tu."

Kisha aliumwagia mlimau maji matupu mengi, mpaka yakatiririka kwenye matundu ya ndoo na kuiosha ile sukari. "Sasa mpaka tupate jibu, usipewe sukari hata chembe."

"Na ukifa kwa njaa?" aliuliza Baba.

"Lawama nitabeba mimi."

Siku ya sita Binti alipiga kelele. "Njooni! Njooni muone!"

Katika kopo jeupe, harage moja lilikuwa limeinama kama mtu aliyebeba mzigo. Lilikuwa limeinua bonge la udongo kubwa kuliko lenyewe. Baba alipiga magoti.

Baada ya wiki mbili, Mama alichukua utepe wake wa kupimia nguo. Kopo jeupe lilikuwa na miche mitatu, mrefu zaidi ukiwa na sentimita kumi na nane. La manjano lilikuwa na miwili mifupi. Kopo jekundu halikuwa na kitu, ila ukungu na harufu ya uchachu.

"Sukari nyingi kwenye udongo huyashika maji," alieleza Mama Miche. "Mizizi inabaki na kiu katikati ya maji. Halafu sukari inalisha ukungu na wadudu."

Baba aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyeutesa kwa kiu. Lakini basi mti hula nini?"

Mama Miche alinyanyua jani la harage kwenye mwanga. Vijishipa vyake vikaonekana, vyembamba kuliko uzi wa Mama.

"Hili ni jiko. Linachukua maji kutoka mizizini, hewa kutoka hapa tulipo na mwanga wa jua. Humo linapika sukari yake lenyewe."

"Sukari?" Baba alinong'ona. "Bila kuni? Bila moshi?"

"Na bila kelele."

Baba aligusa jani kwa ncha ya kidole. Miaka ishirini alikuwa amepika chai, akipita mbele ya majiko mangapi bila kujua?

Tangu siku hiyo mlimau ulipata maji matupu, udongo ulipoanza kukauka tu. Wiki ya nne, Mama alisimamisha cherehani ghafla. Kwenye tawi la juu kulikuwa na jani jipya, dogo kama ukucha wa mtoto, linang'aa. Alilitazama mpaka machozi yakamlengalenga.

Baba alikuja na kikombe chake cha chai mkononi, akainama juu ya ndoo kulitazama.

"Baba, hutaulisha tena?" Binti alimtania.

"Nimpikie mpishi?"

"Basi sogea," alisema Mama. "Unamkingia jua."

Baba akasogea upesi, kama mtu aliyemzibia mkwe wake njia.