Sindano Iliyolala kwenye Sifuri

Kila Jumatano baada ya masomo, Sabra alikaa maabara ya shule yao pale Tunduma akibandua jiwe la grafiti kwa selotepu. Grafiti, madini meusi ya ndani ya penseli, imejipanga tabaka juu ya tabaka kama chapati; ukibandika selotepu na kuivuta, inatoka na tabaka jembamba jeusi.

Mwalimu Osward aliwahi kuwaeleza kwamba wanasayansi wanatafuta vitu vya tabaka jembamba ambavyo, vikipoozwa kupita barafu, umeme hutiririka pembezoni mwavyo bila kuzuiwa hata kidogo. Sabra, kwa ubishi wake, akaamua kukipata kimoja bila barafu.

Jumatano moja alipima pembezoni mwa tabaka lake. Sindano ya mita ya kupimia ukinzani wa umeme ikaenda hadi sifuri, ikalala.

"Loisi, njoo uone! Umeme hauzuiwi kabisa!"

Rafiki yake alikuja mbio, na kabla ya kengele ya kwenda nyumbani shule nzima ilishajua. Mwalimu akamwandika Sabra kwenda maonyesho ya sayansi Mlowo. Nafasi ilikuwa moja tu. Loisi, na mradi wake wa kuchuja maji, akawa wa pili.

Kesho yake Sabra alirudia kipimo. Sifuri tena. Alipoigeuza selotepu, aliona kosa. Nyaya alizishikiza kwa vipande viwili vya foili ya kufungia chipsi, na chini ya tabaka vipande vile vilikuwa vimegusana. Umeme haukupita kwenye grafiti, ulipita kwenye foili. Alipovitenganisha, sindano ikaondoka kwenye sifuri.

"Nyamaza tu," alinong'ona Loisi, aliyekuwa kando yake. "Huko Mlowo nani ataigeuza?"

Sabra aliitamani safari ile. Baba yake, dereva wa lori, alishawatangazia wenzake kwenye foleni ya mpakani. Hata hivyo, alikwenda ofisini kwa Mwalimu Osward.

"Shikamoo, mwalimu. Sifuri yangu si ya kweli."

"Marahaba. Hebu nieleze."

Alieleza yote. Mwalimu Osward akachukua kalamu, akafuta jina la Sabra, akaandika la Loisi. Sabra akaangua kilio.

"Lia, inauma," mwalimu alisema. "Lakini sikia, mwanangu. Hata wenye mashine kubwa wakiona sifuri, kwanza hukagua kama nyaya zimegusana, kisha husema walichokikuta. Jana ulishangilia. Leo ndiyo umefanya sayansi."