Mahali Ufagio Ulipopinda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Milembe alifagia uwanja wa kwao huko Ngulyati. Alipokaribia ua wa minyaa aliupinda ufagio, akapazunguka mahali padogo, kisha akaendelea. Hakufundishwa na mtu. Alimwona mama yake, Apolonia, akifanya hivyo tangu walipomzika hapo Salu, mdogo wake Milembe, aliyeishi miezi michache tu. Kichanga hakikuwekewa tuta wala msalaba. Mgeni angeona udongo mtupu.

Mvua za mwaka ule zilibomoa nyumba za udongo za kwao na za majirani. Wakawa wanalala chini ya maturubai, na watoto wakakohoa mpaka wakazoea. Ndipo mradi mmoja ukaahidi kuwajengea nyumba za safu, zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Kuta zingetengenezwa katika karakana mjini Bariadi kwa vijiti vya pamba vilivyosagwa na kuchanganywa na saruji, zije kwa lori, ziunganishwe tu.

Mchoraji wa mradi huo, dada Specioza, alikuja kupima siku ambayo Apolonia alikuwa shambani. Aliingiza vipimo kwenye kompyuta yake, akamgeuzia Milembe kioo. Nyumba ikazunguka pale kama mtu anayejitazama nguo mpya. Specioza akaondoa paa, na ndani kikaonekana chumba kidogo chenye dirisha.

"Hiki cha nani?"

"Changu," Milembe alijibu upesi.

Specioza akacheka, akasema hajawahi kuona mpangaji anayehamia kabla ya ukuta. Kisha akauliza kwa makini, "Mdogo wangu, chini ya kiwanja hiki kuna kitu nisichokiona? Shimo la zamani, au kaburi?"

Milembe alitazama minyaa. Upande mmoja kulikuwa na barabara, upande mwingine korongo. Safu isingeweza kusogea. Akatikisa kichwa kukataa.

Vigingi vikapigwa. Kimoja kilisimama palepale ambapo ufagio hupinda.

Apolonia aliporudi alikiona. Milembe alipomuuliza kama ameona nyumba itakapokaa, alijibu kwamba ameona, na kwamba wenzao nao wana watoto wanaolowa.

Asubuhi Milembe alimkuta mama amemtangulia kufagia. Aliufuata ufagio kwa macho hadi kwenye minyaa. Haukupinda. Ulipita moja kwa moja, ukaacha mistari yake juu ya Salu, na mama akaendelea ameinamisha uso.

Milembe hakwenda shule. Alimngoja Specioza barabarani, na alipofika hakumpa hata salamu ya asubuhi, mwangaluka.

"Dada, nilikudanganya. Mdogo wangu amelala pale. Nilikitaka kile chumba."

Specioza akaketi juu ya jiwe, akafungua kompyuta. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kwenye safu, akaeleza, na ukuta wa mwisho ungeweza kurudi ndani. Za majirani zisingeguswa. Milembe akakiona chumba chenye dirisha kikifutika, na mahali pake pakabaki peupe.

Walimwendea Apolonia pamoja. Aliposikia, alikaa chini palepale akalia, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi.

"Mayu, nisamehe," Milembe alimwambia mama yake.

Mama alimvuta kifuani. Specioza alingoja hadi kilio kipoe, ndipo akasema taratibu, "Kompyuta huchora kile inachoambiwa, mdogo wangu. Ukiificha kweli, itakuchorea uongo mzuri ulionyooka, na watu wataujengea kuta. Umesema kabla ya lori kuja. Sema mapema hivyo siku zote, hata kama utapoteza."

Nyumba zikasimama kabla ya mvua nyingine. Milembe hulala chumba kimoja na mama yake, na usiku humsikia akigeuka kitandani. Kukicha hushika ufagio. Akifika kwenye minyaa, nje ya ukuta wa mwisho, huupinda.