Mvua ya Jumanne

Kila siku ya shule, ikifika saa tatu kamili asubuhi, msichana mmoja wa darasa la saba alitoka darasani bila kuomba ruhusa. Alizunguka nyuma ya maktaba hadi kwenye kipimamvua, akaufungua mkebe wake wa bati, akatoa chupa iliyokuwa ndani na kuyamimina maji yake kwenye glasi nyembamba yenye mistari. Alipiga goti ili jicho lilingane na maji, akasoma, akaandika kwenye daftari. Halafu alikwenda getini kuandika namba ileile kwa chaki ubaoni, ili kila apitaye barabarani aione. Kazi hiyo aliifanya kwa makini mno, hata wenzake wakambandika jina la Milimita. Mwanzoni alinuna. Baadaye alilizoea, na tuseme kweli, alilipenda.

Daftari hilo halikuwa la juzi. Lilikuwa na miaka ishirini na miwili ya mvua, limeandikwa na wanafunzi ambao sasa wengine ni watu wazima wenye watoto wao. Zamani hakuna aliyelijali. Mwaka huu mtaa mzima ulikuwa unalizungumzia.

Sababu ilikuwa mafuriko. Maji yalikuwa yameupita mfereji mara tatu tangu mwaka uanze, na kila mara yaliingia kwenye duka la baba yake Milimita, fundi cherehani. Cherehani mbili zilishika kutu. Suti ya bwana harusi ilielea hadi mlangoni siku mbili kabla ya harusi yake. Baba alikuwa amesema wazi kwamba yakiingia mara ya nne atafunga duka, na alipolisema hilo hakuwa anatania.

Jumamosi iliyofuata wakazi walikuwa wakutane shuleni kuamua kazi ya pamoja ya mwaka. Wengine walitaka kuupanua mfereji. Wengine walitaka kuzungushia uzio uwanja wa mpira, wakisema mafuriko yalikuwa bahati mbaya tu, yamekwisha. Aliyesema hivyo kwa sauti kuliko wote alikuwa mjomba wake Milimita, fundi bomba, mtu ambaye watu walimwita Ushahidi kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni.

"Hali ya hewa imebadilika, shemeji," baba alimwambia siku moja dukani, pini zikiwa zimebanwa midomoni. "Dunia imezidi joto, na mvua nazo zinakuja kwa fujo."

"Mvua ni mvua tu. Hata tulipokuwa wadogo ilinyesha. Maji yanakuingilia kwa sababu watu wanatupa takataka mferejini. Haya ya dunia kupata joto ni maneno ya redioni. Uko wapi ushahidi?"

"Uko shuleni, kwenye daftari la mpwa wako."

Mjomba akacheka kidogo, kicheko cha kukereketa. "Daftari linaandikwa na binti yako, linasimamiwa na mwalimu wa jiografia ambaye ni rafiki yako. Ningekuwa wewe, nami ningeliamini sana. Subiri Jumamosi, nitawaonyesha lilivyo."

Milimita alikuwa pembeni akishona vifungo. Maneno yale yalimwingia kama sindano. Mjomba alikuwa na mpango gani?

Jumanne ya wiki hiyo alisoma milimita tatu. Aliandika kama kawaida, akageuka kwenda zake, kisha akasimama. Udongo wa njia ulikuwa mkavu, unatimua vumbi. Usiku alilala dirisha wazi na hakusikia hata tone kwenye bati. Akafungua kurasa za nyuma. Milimita tatu, Jumanne iliyopita. Milimita mbili, Ijumaa ya kabla yake. Zilikuwa siku kumi za namna hiyo, zote Jumanne au Ijumaa, na zote ndani ya wiki sita zilizopita.

Kwa nini hakuona mapema? Hapo alijionea aibu. Aliziona, ila zilimfurahisha. Kila milimita ilikuwa kama kura ya kumuunga mkono baba yake, kwa hiyo hakuiuliza imetoka wapi.

Sasa akaanza kuuliza, na jibu likaja haraka mno. Wiki sita zilizopita ndipo mjomba alipoanza kutengeneza mabomba ya shule. Alikuwa na maji, alikuwa na ndoo, na alikuwa ameapa kulifedhehesha daftari. Bila shaka ndiye aliyekuwa anamimina maji kwenye kipimamvua, ili Jumamosi asimame na kusema, tazameni, wanaandika mvua siku za jua. Mjomba wake wa damu. Milimita alipokutana naye getini mchana ule, alimwamkia kwa ncha ya ulimi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona leo umenikunjia uso?" Mjomba alikuwa amesimama mbele ya ubao wa mvua, ameshika kijitabu chake na penseli. Alipomwona anatazama, alikifunga na kukitia mfukoni.

Je, ungehitaji kuona zaidi ya hapo? Milimita hakuhitaji. Nyumbani alimweleza baba kila kitu, na baba akapiga meza kwa kiganja. "Nilijua. Nilijua tu."

Mama, ambaye mjomba ni kaka yake wa kuzaliwa, aliweka sahani chini taratibu. "Umemwona akimimina?"

"Sijamwona, mama."

"Basi kamwone kwanza. Ukimkuta, nitakwenda kumuuliza mimi mwenyewe."

Ijumaa, wenzake walipokwenda mstarini, Milimita alimwomba mwalimu wa jiografia ruhusa, akajificha maktaba na kuchungulia dirishani. Alingoja. Mjomba hakuja. Aliyekuja ni mtunza bustani, anapiga mluzi, anaburuta mpira wa maji. Akafungua bomba na kuanza kumwagilia maua yaliyozunguka kipimamvua. Maji yaliruka juu, yakatawanyika, na manyunyu yakaingia kwenye mdomo wa mkebe bila shida yoyote.

Milimita alitoka mbio. "Mzee, kila siku unamwagilia hivi?"

"Jumanne na Ijumaa, binti yangu, isipokuwa mvua ikiwa imenyesha. Zamani maji yalikuwa yanadondoka kwa kusitasita. Tangu fundi atengeneze hili bomba, yanaruka mpaka raha." Akatabasamu. "Na maua haya si ni yenu? Wewe ndiye uliyesema tuyapande hapa, kipimo chenu kipendeze."

Ni kweli. Alisema yeye, mbele ya darasa zima, na akapigiwa makofi. Milimita alitamani ardhi ipasuke.

Alasiri alimweleza baba. Alidhani baba atacheka. Baba akageuza kitambaa, akakigeuza tena.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na mtunza bustani tu."

"Basi ngoja mkutano upite. Tukisema kesho kwamba daftari lina makosa, mjomba wako atalitupa lote. Hakuna atakayesikiliza mengine. Jumatatu utasahihisha."

"Lakini baba, ni uongo."

"Ni siku tatu tu, mwanangu. Unataka duka lizame?"

Hakutaka. Ndiyo maana ilikuwa ngumu. Alilitazama duka, alama ya maji ukutani iliyofika juu ya goti lake, na cherehani ile moja iliyosalia nzima. Alimpenda baba kuliko daftari lolote. Hata hivyo, Jumamosi asubuhi, miguu yake ilimpeleka nyumbani kwa mwalimu, na huko alisema yote, pamoja na lile la kumshuku mjomba.

Mwalimu hakumgombeza. Alichukua kalamu nyekundu. Pamoja walizikata zile namba kumi, moja baada ya nyingine, na pembeni ya kila moja Milimita akaandika sababu na kutia saini yake.

Mkutanoni, mwalimu hakuwa hata ameanza vizuri pale mjomba aliposimama na kijitabu chake.

"Jumanne iliyopita nilikuwa juu ya tangi la shule tangu asubuhi, nachomwa na jua. Ubaoni pakaandikwa mvua, milimita tatu. Ninazo siku nyingine hapa. Nani anaipika hii mvua?"

Ukumbi ukaguna. Baba aliinamisha kichwa. Milimita alisimama.

"Ni kosa, mjomba. Siku ziko kumi. Yalikuwa maji ya bustani, na maua niliyataka mimi. Tumezikata zote." Akamtazama usoni. "Na mimi nilidhani ni wewe unayemwaga maji. Nisamehe."

Watu wakacheka, mtunza bustani kuliko wote. Mjomba hakucheka. Alikuja mbele, akalichukua daftari, akazitazama alama nyekundu akizilinganisha na kijitabu chake. "Mimi niliona sita," alisema polepole. "Nyinyi mmekata kumi." Akafungua kurasa za zamani, akatafuta siku moja aliyoikumbuka, siku ambayo mvua ilimharibia kazi miaka mingi nyuma. Ilikuwepo. Akatafuta nyingine. Nayo ilikuwepo.

"Haya, mpwa wangu. Ukiacha hizo kumi, linasema nini?"

"Siku za mvua kubwa, za zaidi ya milimita hamsini. Miaka kumi ya mwanzo, ilikuwa mara moja kwa mwaka, au hakuna. Miaka mitano hii ni mara tatu, mara nne. Mtunza bustani hamwagilii mvua ikinyesha, kwa hiyo hizo hazijaguswa."

"Na sababu ni joto la dunia?"

Aliyejibu ni mwalimu. "Kipimo kimoja hakiwezi kukuambia sababu, fundi. Hiyo wanaijua wataalamu waliopima hewa na bahari miaka mingi, kila pembe ya dunia, na wanasema hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi. Daftari letu linaonyesha tu kwamba hapa kwetu mvua kubwa zimezidi. Na wewe nawe umesema kweli: mfereji umejaa takataka. Yote mawili yanatuzamisha."

Mjomba alikuna kidevu. "Hayo ya dunia nitaendelea kuwauliza, msidhani nimemaliza. Lakini watu wanaokata namba zao wenyewe kabla sijawakamata, siwezi kuwaita waongo." Naye akawa wa kwanza kuinua mkono, mfereji upanuliwe na usafishwe. Mikono mingine ikafuata, mingi kiasi kwamba hapakuwa na haja ya kuhesabu.

Njiani kurudi nyumbani, baba alitembea na Milimita hadi walipofika kwenye mfereji. Hapo alisimama.

"Kama ungenisikiliza mimi, mjomba wako angetuumbua, na leo tungekuwa tunajenga uzio," alisema. "Kushuku si vibaya, mwanangu. Bila kushuku usingechungulia dirishani. Ubaya ni kuwashuku wale tu tusiokubaliana nao. Mimi nilimshuku shemeji yangu wiki nzima, na aliyetaka kudanganya mtaa nilikuwa mimi." Akamshika mkono. "Kesho nakwenda kwake kumwambia hivyo. Twende wote."