Bangili Iliyokataliwa Kwetu

Bangili-tabibu mkononi mwa muuza nyanya iligeuka kutoka kijani kuwa nyekundu. Mwenyewe alikuwa anampimia mteja, hajahisi lolote. Bangili ikamwambia aketi, moyo wake unakwenda mrama. Kabla hajafunga mfuko, tiara-dawa, kile chombo kidogo kinachoruka bila rubani, kilikuwa kimetua mezani na kidonge. Akakiweka chini ya ulimi, akapumzika, kisha akaendelea kuuza.

Mhandisi Atupele Mwakalinga alitazama yote hayo kwa wivu. Bangili ile aliibuni yeye, kwao Mbeya. Huko watu waligawiwa bangili hizo bure, wengi wakazifungia kabatini. Hapa, katika nchi jirani isiyowazidi kwa utajiri, hakuona mkono mtupu soko zima.

"Watu wenu ni watiifu," alimwambia mwenyeji wake, Consolata, aliyesoma naye chuoni. "Wakiambiwa vaeni, wanavaa. Una bahati."

Consolata akamwelekezea kidole muuza nyanya. "Muulize mwenyewe."

Muuza nyanya alitabasamu. "Mwanzoni nilikataa, dada. Mume wangu alikuwa fundi katika kiwanda cha saruji. Bangili ikagundua ana kisukari, mwajiri akazipata habari, akamwachisha kazi. Tukaenda mahakamani, soko hili lote likatusindikiza. Tukashinda. Siku hizi habari za mwili wangu ni zangu, na anayezichungulia bila ruhusa anafungwa. Ndipo nikaivaa."

Wivu haukumtoka Atupele, ila sasa aliwaonea watu hawa kwa sababu ya ile mahakama na lile soko lililotembea pamoja. Dada yake, Sekela, naye aliachishwa kazi kiwandani baada ya bangili kuonyesha ana presha. Akaivua. Mwaka uliofuata akapooza upande mmoja, na Atupele akawa anawaambia watu kwamba dada yake alijiponza kwa ushamba.

Alimpigia simu palepale.

"Umeziona bangili zako huko?" Sekela aliuliza. Tangu apooze, maneno yalimtoka kwa shida.

"Nimeziona."

"Sasa unataka kunishawishi niivae tena."

"Hapana, dada. Nataka unieleze siku ile walivyokuita ofisini kukuachisha kazi. Sikuwahi kukuuliza."

Sekela akaanza kusimulia, neno mojamoja, na Atupele akachuchumaa katikati ya soko, akamsikiliza bila kumkatiza.