Ukurasa Ndani ya Kopo la Vifungo

Kila siku alipotoka shule, Chapu alibadilisha sare, akanawa mikono, kisha akaingia katika chumba cha mbele ambacho Mama alikitumia kwa kazi ya kutarizi. Majukumu yake hayakubadilika: kufagia vipande vya nyuzi, kupanga roli za uzi kwa rangi, na kuwasha kompyuta iliyounganishwa na mashine. Mama alichora nembo katika kompyuta. Mashine ikazishona kwenye kitambaa. Chapu halikuwa jina lake halisi. Aliitwa hivyo kwa sababu alimaliza kula wengine wakiwa bado wananawa.

Kwa wiki nzima kompyuta hiyo, iliyotumia mfumo wa Linux, ilikuwa ikitangaza kwamba toleo jipya la mfumo liko tayari. Mama alisema lisubiri. Fulana thelathini na sita za wanariadha zilihitaji nembo, na mwalimu wao wa michezo angezichukua Ijumaa saa kumi alasiri, muda mfupi kabla ya timu kusafiri. Mama alikuwa amemwahidi. "Paa haliezuliwi mvua ikinyesha," alisema, akaendelea na kazi.

Jumatano Mama alikwenda kununua uzi. Chapu alijua neno la siri la kompyuta, kwa kuwa Mama alimwamini, na aliona ni vyema amfurahishe kwa kuliweka toleo hilo jipya kabla hajarudi. Alibonyeza kukubali. Kompyuta ikaonyesha orodha ndefu ya programu zitakazoondolewa au kusimamishwa, ikamtaka aisome kwanza. Hakuisoma. Alikubali tena.

Shughuli ilipokwisha, programu ya kutarizi haikufunguka. Ilidai faili moja ya toleo la zamani. Chapu alitafuta mtandaoni, akapata ushauri wa mtu asiyemjua, akaufuata. Mwalimu wake wa hesabu hakutoa alama kwa jibu lisilo na njia. Kwa hiyo, kwa mazoea tu, aliandika kila amri katika daftari kabla ya kuiingiza kwenye kompyuta. Amri ya tatu ilisakinisha kifurushi cha zamani kwa nguvu. Ya nne ilinakili faili ndani kabisa ya mfumo.

Tangu hapo kila alichogusa kilikataa, na jibu likawa moja: vifurushi vimevunjika. Katika mfumo huo programu huja zikiwa zimefungwa katika vifurushi, na kifurushi kimoja hutegemea kingine kama mishono ya pindo. Mmoja ukifumuka, jirani yake hulegea. Chapu aliuchana ule ukurasa, akaukunja mara nne, akaufukia chini ya vifungo katika kopo la bati. Mama aliporudi, aliambiwa kwamba kompyuta imeharibika yenyewe.

Alhamisi mchana alikuja Shangazi, ambaye alikuwa fundi wa kompyuta. Mama alimpokea mlangoni kwa kusema, "Afadhali umefika, wifi yangu." Shangazi akamjibu kwamba yeye ndiye wifi pekee asiyekatikakatika katika nyumba hiyo. Siku nyingine Chapu angecheka.

Shangazi alisoma kumbukumbu ambazo mfumo hujiandikia. Aliona kwamba toleo lilibadilishwa Jumatano, akauliza nani alikuwepo. Chapu alisema huenda kompyuta ilijibadilisha. Shangazi hakubishana naye. Aliiamuru kompyuta ikamilishe vifurushi vilivyoishia njiani. Ilikwama. Akajaribu njia ya pili, kisha ya tatu, na mara zote ilikwama palepale.

"Kuna kitu humu ambacho mfumo wenyewe haukijui," alisema hatimaye. "Mfumo huandika vifurushi vinavyopita mlangoni. Kilichopenyezwa dirishani kwa mkono, hauna habari nacho. Nisipokijua, itabidi nihamishe michoro yako, nifute kila kitu na kuanza upya. Itakuwa tayari Jumamosi."

Mama alilitazama rundo la fulana. Alichukua simu na kuanza kutafuta namba ya mwalimu wa michezo, polepole, kama mtu anayetumaini kwamba hataipata.

Chapu alilifuata kopo. Alilimimina mezani, vifungo vikatawanyika hadi sakafuni, na katikati yake kikabaki kikaratasi kilichokunjwa mara nne.

"Mama, usipige kwanza," alisema. "Ni mimi."

Alieleza yote, kuanzia siku alipobonyeza kukubali. Mama aliiweka simu chini. "Kwa hiyo tangu jana ulikuwa ukinisaidia kuilaumu kompyuta," alisema. Akamtuma Chapu aokote vifungo vyote, naye akapiga magoti na kuanza.

Shangazi aliukunjua ukurasa, akaufuata kuanzia mstari wa mwisho kwenda juu. Kwanza aliiondoa faili iliyonakiliwa. Kisha akakiondoa kile kifurushi kilicholazimishwa. Akaiamuru tena kompyuta ikamilishe kazi yake, na safari hii mistari ilishuka kwenye skrini bila kukwama. Mwisho aliufungulia mfumo ghala ambamo programu ya kutarizi hutoka, kwa kuwa lilifungwa wakati wa kubadili toleo, akaisakinisha upya. Saa kumi na moja kasoro robo programu ilifunguka. Michoro yote ilikuwamo.

"Kukosea si ajabu," Shangazi alimwambia Chapu alipokuwa akifunga mkoba wake. "Mimi nimeharibu kompyuta nyingi kuliko ulizowahi kuziona. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulikuwa umeandika njia yako vizuri, ukaizika. Kosa lenye njia iliyoandikwa, mtu huweza kulitengua hatua kwa hatua. Lililofichwa hutulazimu kubomoa nyumba nzima. Na ukiulizwa kama unakubali, soma kwanza unachokikubali."

Nembo moja ilichukua dakika ishirini. Mashine ilifanya kazi hadi wakati wa chakula cha jioni, ikaendelea Ijumaa tangu asubuhi. Mwalimu wa michezo alipobisha hodi, fulana ya mwisho ilikuwa ikikatwa nyuzi. Alizihesabu, akashukuru, akaondoka nazo.

Jumamosi Chapu aliubandika ukurasa ule mahali pake kwa gundi, akaandika chini yake hatua alizozifuata Shangazi. Mama alilitoboa daftari pembeni, akalitundika kwenye msumari karibu na kompyuta, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo yeyote atakayebadili kitu ataandika humo, awe mkubwa au mdogo.

Wiki iliyofuata kompyuta iligoma kutoa sauti. Chapu alilifungua daftari kabla ya kugusa chochote. Kulikuwa na mstari mpya, kwa mwandiko wa Mama: "Nimeikalia kibodi nikipokea simu. Sijui nilibonyeza nini."