Mito Miwili Chini ya Miguu

Kila asubuhi, fundi cherehani alimwagiza binti yake uzi kwa rangi. Zamani Kifungo, kama walivyomwita nyumbani, aliutoa kabla mama hajamaliza kutamka. Sasa aliagizwa mwekundu, akatoa mweusi, kisha akakodolea macho ukuta. Alikuwa na miaka mitano, na maneno yalikuwa yakimpotea moja moja.

Alizaliwa bila kimeng'enya kinachosaga taka ndani ya mwili. Kila wiki alitundikiwa dripu ya kimeng'enya hicho. Tumbo lililovimba likanywea, vidole vilivyokakamaa vikalegea. Akili tu ndiyo iliyozidi kufifia.

Siku moja ya dripu, muuguzi alimkuta mtoto amelazwa miguu juu ya mito miwili, kichwa chini. Mama alieleza bila haya kwamba anataka dawa iteremke kichwani.

"Mama Kifungo, mtoto si chupa ya mafuta."

"Basi nionyeshe njia, dada yangu. Kichwani haifiki."

Muuguzi aliondoa mito, akaketi. Akaeleza kwamba mishipa ya damu ya ubongo ina kuta zilizoshonwa kwa kubana mno. Vitu vidogo vingine hupenya. Kimeng'enya ni kikubwa, hugota nje, hata ulale kichwa chini mwaka mzima. Lakini ukuta huo una milango ya kuingizia madini ya chuma. Basi wataalamu wamekiunga kimeng'enya na kitu mfano wa mkono. Mkono hushika mlango, nao mlango hukivuta ndani.

"Si ushike kwa nguvu, basi?"

"Walijaribu. Ukishika sana hauachii, dawa inakwama ukutani. Ikabidi wabuni mkono unaoshika kidogo, kisha unaachia."

Vidole vya fundi vikacheza hewani. "Wanashikiza," akasema taratibu. "Kama mimi na mshono wangu mlegevu, wa kufumuliwa baadaye. Kumbe nao ni mafundi."

"Tena wanashona kisichoonekana kwa macho."

Muuguzi hakuficha kitu: dawa ilikuwa bado katika majaribio, huenda isimfae, na damu ya mtoto ingepimwa mara kwa mara. Fundi aliuliza maswali yake yote, ndipo akatia sahihi mtoto aanze kupewa.

Miezi minane baadaye, fundi alikuwa akishona gauni jekundu. Bila kuangalia, akachukua uzi mweusi.

"Siyo huo, mama. Mwekundu."

Mguu wa fundi ukasimama juu ya pedali. Akajifanya hakusikia, ili aambiwe tena.