Chupa Yenye Ua la Ufuta

Kwetu Kaloleni, asubuhi ilianza na cherehani ya baba. Baba yangu, Mzee Abasi, alikuwa fundi nguo. Alishonea barazani. Kila asubuhi alimeza kidonge chake cha presha. Kisha alitunga uzi kwenye sindano, mara moja tu, akaanza kazi. Mimi Najat nilikuwa darasa la tano, na niliamini hakuna fundi mwenye macho kama yake.

Kwao baba ni Kondoa. Kila baada ya mavuno, mama yake, Bibi Mwamvua, alitutumia mfuko wa ufuta. Mama aliukaanga kidogo, akautwanga, akaungia mlenda. Harufu ilijaa uani. Majirani walijileta wenyewe na vibakuli vyao. Jamani, naukumbuka mlenda ule!

Kisha bibi alifariki. Mwaka ule ufuta haukuja.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu sasa yalijaa vitu vya nje. Siku moja baba alirudi na chupa ndogo. Ilikuwa na picha ya ua la ufuta.

"Mama Najat, njoo uone! Wenzetu wamekamua ufuta, wakautia kwenye vidonge."

"Vya kazi gani?" mama aliuliza.

"Muuza duka anasema vinashusha presha. Vile vya hospitali naviacha. Mama yangu kala ufuta miaka themanini, presha hakuijua."

Mama alimrudishia chupa yake. Nani angembishia mtu aliyefiwa na mama yake?

Wiki tatu zilipita. Asubuhi moja nilimkuta baba ameshika uzi. Anatunga, anakosa. Anatunga tena, anakosa.

"Najat, mwanangu, sindano hii ina matundu mawili?"

Alikuwa ameshika kisogo. Kichwa kilikuwa kinamgonga. Niliogopa sana. Nilikimbia chumba cha pili kumwita Anti Namelok. Alikuwa muuguzi, mtu wa Elerai, mpangaji mwenzetu. Hakuwa na maneno mengi.

"Shikamoo, Baba Najat."

"Marahaba. Sijambo, ni kichwa tu."

"Hicho hicho ndicho cha kuogopa. Twende zahanati sasa hivi."

Walipompima, presha ilikuwa juu mno. Daktari alimpa dawa, akamlaza mpaka mchana. Mama alimwonyesha Namelok ile chupa.

"Baba Najat," Namelok alisema, "ufuta ni chakula kizuri. Una mafuta mazuri, unatia mwili nguvu. Lakini vidonge hivi ni nyongeza ya chakula. Haviwezi kushika nafasi ya dawa ya presha."

"Mbona nilijisikia mzima?"

"Presha ndivyo ilivyo. Inapanda kimyakimya. Ungepooza mkono, ukaiaga cherehani. Usiache dawa mpaka daktari aseme. Punguza chumvi. Na ukitaka kumeza kitu kingine, tuulize kwanza. Vingine vinagombana na dawa."

Jioni, nyumbani, baba alichukua mkasi wake. Alikata kidonge kimoja cha ile chupa, akanusa. Alinusa tena. Machozi yakamlenga.

"Hakina harufu," alisema. "Kumbe sikuwa natafuta dawa. Nilikuwa namtafuta mama."

Mama alikaa karibu naye. Hakumlaumu hata kidogo.

Siku ya pili mama alimwandikia barua shangazi yangu Twahira kule Kondoa. Mfuko wa ufuta ulipofika, mama alitoa kinu. Harufu ilijaa uani kama zamani. Namelok alikuwa wa kwanza kuja na kibakuli.

Tangu hapo baba alikwenda kupimwa kila mwezi. Presha ilishuka, ikatulia. Ile chupa aliiosha, akawekea vifungo. Asubuhi alishika kidonge cha hospitali na kusema, "Hiki cha daktari." Mchana alivuta kibakuli cha mlenda na kusema, "Na hiki cha mama." Alisema hivyo kila siku, nasi tulicheka kila siku.

Miaka kumi na miwili baadaye, baba alishona gauni langu la harusi. Nilitaka kumsaidia kutunga uzi. Alinisukuma mkono.

Aliutunga mwenyewe, mara moja tu.